Tumbo kujaa wakati wa ukomo wa hedhi: Lipi la kawaida, lipi la kuwahi hospitali

Umeshona sare ya sendoff ya binti wa jirani. Asubuhi uliijaribu mbele ya kioo na zipu ikapanda bila shida. Jioni, unapotaka kuivaa utoke, zipu inagoma katikati na unalazimika kujifunga mtandio kiunoni ili kuficha. Ukumbini, kabla hujakaa vizuri, mama mmoja wa meza ya pili anakutazama tumbo na kutabasamu: "Hongera mwenzangu, ya miezi mingapi?" Una miaka 49. Kitinda mimba wako yupo kidato cha nne.

Kama hali hiyo unaijua, makala ya leo ni yako. Na kama wewe ni mume, au mtoto wa mama mwenye umri huo, isome pia. Mama zetu wengi hulalamikia tumbo kwa sauti ndogo, kisha hunyamaza na kuendelea na kazi.

Joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi watu wengi wanajua kuwa ni dalili za ukomo wa hedhi. Tumbo kujaa nako huwapata wanawake wengi wa umri huu, ila hupewa majina mengine: gesi, vidonda vya tumbo, unene wa utu uzima. Mengine ni kweli. Lakini lipo tumbo moja ambalo majina hayo hulificha mpaka linachelewa kutibika.

Jambo kubwa la kushika leo ni hili: tumbo linalojaa na kupungua, mara nyingi halina hatari na tiba yake huanzia jikoni. Tumbo linalojaa na kubaki limejaa linahitaji kupimwa, tena mapema.

Ukomo wa hedhi ni nini hasa

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, hiyo si kawaida na mhusika anapaswa kumuona daktari.

Kabla ya siku hiyo kuna kipindi cha mpito ambacho kinaweza kuchukua miaka kadhaa. Hedhi huruka mwezi, hurudi mara mbili, huja nzito au nyepesi. Katika kipindi hiki homoni za kike, estrojeni na projesteroni, hazishuki taratibu kama jua linavyozama. Hupanda na kushuka ovyo, na tumbo huzifuata.

Tahadhari moja hapa. Mwanamke aliye kwenye kipindi cha mpito bado anaweza kushika mimba. Kama una miaka 46, hedhi imeruka miezi mitatu na tumbo limeanza kujaa, usiseme "nimekoma" kabla ya kupima mkojo. Ushauri wa wataalamu wa uzazi wa mpango ni kuendelea kujikinga kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho kama hujafika miaka 50, na mwaka 1 kama umeshavuka umri huo.

Kwa nini tumbo linajaa

Pengine unakumbuka kwamba ulipokuwa msichana, siku chache kabla ya hedhi tumbo lilijaa, sketi ikabana na choo kikabadilika. Hizo zilikuwa homoni zilezile. Estrojeni ikipanda, mwili huelekea kushikilia chumvi na maji. Projesteroni hulegeza misuli ya utumbo, chakula kikasafiri polepole, ndiyo maana wajawazito wengi hupata choo kigumu na gesi. Homoni zinapoyumba katika umri wa mpito, mambo hayo hurudi bila ratiba.

Juu ya homoni kuna mambo ya umri wenyewe. Misuli ya tumbo iliyobeba mimba nne au tano imelegea, hivyo gesi kidogo tu inaonekana kwa nje. Misuli ya nyonga nayo ikidhoofika, choo hakitoki chote. Shughuli zimepungua, unakaa zaidi. Choo kinachokaa muda mrefu kwenye utumbo mpana huchachuka na kutoa gesi.

Kisha kuna maziwa. Watu wazima wengi Afrika hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari iliyo kwenye maziwa. Ukinywa chai ya maziwa asubuhi na tumbo likaunguruma kabla ya saa sita, jaribu wiki mbili bila maziwa uone. Mtindi huwasumbua watu wachache zaidi, kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imekwishaliwa na bakteria wakati wa kuganda.

Gesi, mafuta au maji?

Hapa ndipo unapoweza kujisaidia kabla ya kumsumbua mtu. Chukua utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani. Kila asubuhi baada ya kwenda chooni, na kila usiku kabla ya kulala, pima tumbo kwenye kitovu na uandike. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Pembeni andika ulichokula na kama umepata choo.

Kama ni gesi, asubuhi tumbo liko chini na jioni liko juu. Ukicheua, ukitoa hewa au ukipata choo, unapata nafuu. Kuna siku nzuri na siku mbaya.

Kama ni mafuta, kipimo hakibadiliki sana kati ya asubuhi na jioni, lakini kimekuwa kikiongezeka taratibu kwa miezi au miaka. Tumbo ni laini na nyama inashikika. Baada ya ukomo wa hedhi mwili huacha kuweka mafuta kwenye nyonga na mapaja, ukaanza kuyaweka tumboni. Hili si la kudharau: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huongezeka sana. Ila si ugonjwa wa tumbo.

Kama ni maji au uvimbe, kipimo kinapanda wiki hadi wiki na asubuhi hakishuki. Tumbo limekaza, ubavuni limetanuka, pengine kitovu kimesukumwa nje. Mikono na uso vinaweza kukonda huku tumbo likikua. Hapa usisubiri wiki mbili ziishe. Nenda hospitali.

Anza na sufuria na sahani

Kwa tumbo la gesi, wengi hupata nafuu kwa mabadiliko madogo ya nyumbani.

Maharage, kunde na choroko ni chakula bora, usiviache. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, suuza, kisha chemsha kwa maji mapya. Sukari zinazotengeneza gesi huyeyuka kwenye maji ya kulowekea, na kwa kuyamwaga unazipunguza. Wanaoweka magadi ili maharage yaive haraka wakumbuke kuwa magadi ni aina ya chumvi. Huongeza sodiamu mwilini, na sodiamu hushikilia maji na kupandisha presha.

Chumvi yenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyomo kwenye mkate, supu na viungo vya pakiti.

Soda na vinywaji vyenye mapovu huingiza hewa moja kwa moja tumboni. Bigijii hukufanya umeze hewa, na zile zisizo na sukari zina vitamu ambavyo utumbo haufyonzi vizuri, vikaishia kuwa gesi. Kula haraka huku unaongea kunafanya hivyohivyo.

Kama choo ni kigumu, badili sembe kwa dona, ongeza mboga za majani, papai na parachichi. Fanya hivyo polepole kwa wiki mbili tatu, na maji ya kutosha. Anayeongeza nyuzinyuzi kwa siku moja tumbo lake litajaa zaidi, kisha atasema ushauri haufai. Ukitumia choo cha kukaa, weka kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Mkao huo unakaribia ule wa kuchuchumaa na choo hutoka kwa urahisi.

Tembea. Dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki, zinatosha kuamsha utumbo na kupunguza mafuta ya tumbo. Kutembea kidogo baada ya chakula cha jioni hushusha gesi kuliko kulala papo hapo.

Chai ya tangawizi au ya mnanaa huwasaidia baadhi ya watu. Mwenye kiungulia aangalie, kwa kuwa mnanaa unaweza kukizidisha. Sanamaki, ambayo wengi wa Pwani na Visiwani wanaijua, ni dawa ya kweli ya kuendesha. Inafaa kwa siku chache choo kikikataa kabisa, lakini si ya kunywa kila wiki "kusafisha tumbo". Hufukuza maji na madini ya mwili, ukabaki mchovu na tumbo likajaa tena.

Angalia pia dawa unazomeza

Umri huu ndio ambao presha na kisukari huanza, na begi la dawa likaongezeka. Metformini ya kisukari husababisha gesi na kuharisha kwa baadhi ya watu, hasa mwanzoni. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hufunga choo. Kalsiamu nayo inaweza kufunga choo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumika mara kwa mara kwa ajili ya magoti na mgongo, huumiza tumbo. Wanaotumia homoni kutibu joto la ghafla wanaweza kujaa tumbo miezi ya mwanzo.

Usiache dawa ya kisukari au presha kwa sababu ya gesi. Mweleze aliyekuandikia. Mara nyingi kubadili kipimo, kuimeza pamoja na chakula au kutumia aina nyingine kunatosha.

Tumbo lisiloshuka

Sasa tuje kwenye lile tumbo nililosema hufichwa na majina mengine.

Chukua mfano wa kina mama wawili, wote wana miaka 54 na wote hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Wa kwanza tumbo linajaa akila maharage na mkate, usiku anahangaika, asubuhi limeshuka. Imekuwa hivyo kwa miaka miwili, uzito wake ni uleule. Wa pili alikuwa mzima, na tangu mwezi uliopita tumbo limejaa karibu kila siku. Anakula vijiko vinne vya wali na kushiba. Anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Chini ya kitovu kuna maumivu yasiyo makali, ila hayaondoki. Wote wawili wakifika dirishani watasema neno moja: "Tumbo linajaa." Lakini huyu wa pili ana dalili nne ambazo, zikija pamoja na kudumu, humlazimu daktari kufikiria saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai.

Saratani hii huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Ubaya wake ni kwamba haina kipimo cha kuwachunguza wanawake wasio na dalili, kama kilivyopo cha mlango wa kizazi. Na hapa wengi hukosea. Ukipimwa mlango wa kizazi, kwa kile cha kupaka siki au kingine chochote, na ukaambiwa uko salama, majibu hayo hayasemi lolote kuhusu ovari. Kengele pekee uliyonayo ni dalili zenyewe.

Kibaya zaidi, dalili hizo hufanana na magonjwa ya kila siku. Ni rahisi mama huyu kupewa dawa za UTI kwa sababu anakojoa sana, kisha za vidonda vya tumbo kwa sababu anashiba haraka, kisha za minyoo. Miezi mitano inapita, kila kituo kimetibu kipande chake.

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2011, unawataka madaktari kumpima saratani ya ovari mwanamke, hasa wa miaka 50 na zaidi, ambaye tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya tumbo au nyonga, au haja ndogo ya mara kwa mara vinamtokea bila kuisha au zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Unaongeza jambo la kukumbuka: ugonjwa wa utumbo unaohusiana na msongo, ambao husababisha gesi na choo kubadilika, ni nadra kuanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Kwa hiyo tumbo jipya katika umri huo lipimwe kwanza ndipo lipewe jina.

Nisieleweke vibaya. Wanawake wengi wenye dalili hizi hawatakutwa na saratani. Wengine watakutwa na uvimbe usio saratani. Wengine watakuwa na maji tumboni kutokana na ini lililoharibiwa na homa ya ini, pombe au kichocho, hasa kwa walioishi miaka mingi kando ya Ziwa Victoria. Wengine ni moyo, figo au TB ya tumbo, ambayo inaweza kufanana sana na saratani ya ovari na inatibika kwa dawa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa vidonge vya gesi.

Nenda hospitali bila kuchelewa pia ukiona damu ukeni baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, kutapika kusikoisha, macho kuwa ya njano, au uvimbe unaoshikika tumboni. Aliyeambiwa zamani ana fibroidi ajue kuwa fibroidi hunywea baada ya ukomo wa hedhi. Kama chako kinakua, rudi ukapimwe.

Ukifika kwa daktari

Usiseme "tumbo linasumbua" ukaishia hapo. Sema hivi: "Nina miaka 54, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Tumbo limejaa karibu kila siku kwa wiki nne, asubuhi halishuki. Nashiba haraka na nakojoa mara nyingi kuliko zamani." Toa na karatasi yako ya vipimo vya utepe. Sentensi hizo tatu zinampa daktari kazi ya kufanya. Kama mama yako, dada au shangazi aliwahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari, mwambie hata asipouliza.

Tegemea akushike tumbo na kukupima nyonga. Omba kuelezwa kama unahitaji altrasaundi ya tumbo na nyonga, kipimo kisicho na maumivu kinachopatikana hospitali za wilaya na vituo vingi vya afya. Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Kikizidi 35 kinahitaji kufuatiliwa, lakini peke yake hakithibitishi saratani, kwa kuwa TB ya tumbo na fibroidi vinaweza kukipandisha. Na kikiwa chini, lakini dalili zinaendelea, bado hujamaliza.

Ukipewa dawa na baada ya wiki mbili au tatu tumbo liko palepale, rudi. Usihamie duka la dawa jingine ukaanza upya. Rudi na karatasi zilezile, useme: "Nilitumia, sijapona." Kama itabidi upelekwe mbele, hospitali kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zinatoa matibabu ya saratani. Saratani ya ovari ikikutwa bado haijatoka kwenye ovari, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi kuliko ikikutwa imesambaa tumboni.

Kwa walio nyumbani

Wewe mtoto uliye mjini, ukimpigia mama simu usiulize tu "hujambo?" Muulize kama anamaliza chakula chake, na kama nguo za kiunoni zimeanza kumbana. Mama anayesema "siku hizi nashiba haraka" huenda hajui kwamba ametaja dalili. Wewe mume, acha utani wa kitambi. Wanaume wengi huona tumbo la mke kabla yeye mwenyewe hajakubali kuwa limebadilika. Neno lako la upole na nauli ya kwenda hospitali vinaweza kuokoa miezi.

Na wewe mama mwenyewe, kesho asubuhi azima utepe kwa fundi. Kama tumbo linapanda na kushuka, loweka maharage, punguza chumvi, tembea, na uvae sare yako bila aibu. Kama halishuki, usijiambie kuwa ni utu uzima. Utu uzima hauanzi mwezi uliopita.